Vindege vya Bwana Miwani na Chungu cha Munyu

Shangazi yangu Selpha Khavere alipika Nyeri miaka yote ya Hali ya Hatari, enzi za Mau Mau, na hakuna siku hata moja aliyokisifu chakula cha huko. Kwake yeye mboga isiyotiwa munyu ni majani ya mbuzi tu. Kwa hiyo alipotoka Maragoli kumfuata mumewe, aliyekuwa konstebo wa polisi, alibeba chungu chake chenye matundu chini. Unachoma maganda makavu ya maharagwe, unatia majivu yake humo, unamwaga maji juu, na maji ya kahawia yanadondoka polepole kwenye chungu cha pili. Hayo ndiyo munyu. Kidogo tu kinalainisha kunde ngumu mpaka zinateleza zenyewe kooni. Watu wa Nyeri walimcheka kwa kupikia majivu. Yeye aliwaonea huruma, na wala hakuwaficha.

Alikuwa mpishi wa afisa mmoja wa serikali, Mzungu kapera, ambaye watumishi walimwita Bwana Miwani. Mchana Bwana Miwani alizunguka vijijini na askari. Jioni alikaa mezani akiunganisha vindege vya plastiki, mifano midogo ya ndege za kivita, vilivyoletwa kwenye visanduku kutoka kwao, kisha akavipaka rangi kwa brashi ndogo kama kope. Hakuwa na mkono wa kazi hiyo, maskini. Rangi ilifanya mabonge, alama za vidole zikabaki kwenye mbawa. Vilivyoharibika alivitupa kwenye kasha chini ya kitanda, na shangazi alilisogeza kila alipofagia, akiguna.

Mtunza bustani alikuwa Wahome, mtu wa Gakindu, mpole kupita kiasi. Mama yake alikuwa amehamishiwa katika kijiji cha huko kilichozungushiwa handaki na miti iliyochongwa, na tangu siku hiyo Wahome hakuwa amemtia machoni. Hakuna Mgikuyu aliyekwenda popote bila pasi iliyotiwa sahihi. Bwana Miwani alimwahidi kwamba mgeni mkubwa wa Nairobi akishakuja na kuondoka, atamwandikia pasi ya kwenda Gakindu. Wahome aliishi kwa ahadi hiyo. Aliitaja asubuhi, akaitaja wakati wa chai, mpaka shangazi akamwambia atachakaza jina la mama yake.

Sasa, mgeni mkubwa wakati ule maana yake ilikuwa rangi nyeupe. Mawe ya njiani yalipakwa, vigogo vya miti vilipakwa, na kama kuku angetulia angepakwa pia. Bwana Miwani alipokuwa akiondoka kwenda Kianyaga alimwachia Wahome debe la rangi ya mafuta.

"Kila kitu iko nje, paka nyeupe," alisema. "Kila kitu. Hapana uliza uliza."

Alikuwa anafikiria mawe na makopo ya maua. Alisahau kwamba vindege vyake vitatu vipya, vile alivyovipaka vizuri kuliko vyote, vilikuwa vinakauka kwenye ukuta mfupi wa baraza.

Wahome aliviona. Alisimama mbele yake akifikiri. Lakini vilikuwa nje, na amri ilisema kila kitu, na siku hizo aliyeuliza maswali alijibiwa kwa kitako cha bunduki. Akavipaka. Shangazi anakiri kwamba alivipaka vyema, hata chini ya tumbo, bila tone kuanguka.

Shangazi aliporudi kutoka sokoni akaona, alikaa chini kwenye ngazi na kikapu chake.

"Wahome, umeua mtu," alisema.

"Mama, si alisema kila kitu?"

"Na mimi nikisimama hapo nje utanipaka?"

Wahome alikuwa ameshaelewa. Alichosema ni "Gakindu" tu. Shangazi ana maneno makali lakini moyo wake ni uji. Alimshika mkono akamwingiza jikoni pamoja na vindege vyote.

Walijaribu mafuta ya taa, rangi ikawacheka. Wahome akaleta petroli kidogo kutoka kwenye gereji, wakatumbukiza kindege cha kwanza. Rangi ilitoka kweli, na mbawa nazo zikalegea, pua ikainama, mwisho ndani ya bakuli kulikuwa na kitu kama ugali uliochacha. Walikitazama wote wawili. Hapo ndipo waliposikia gari la Bwana Miwani mlangoni, amerudi mapema.

Wahome alishikwa na kiwewe. Alinyakua vile viwili vilivyobaki, akavisukuma ndani ya chombo cha karibu chenye kifuniko, akakaa juu yake. Kilikuwa chungu cha pili, kile kilichojaa munyu. Shangazi alikaribia kumpiga na mwiko, lakini Bwana Miwani alikuwa ameshaingia jikoni.

"Lete maji moto," alisema. "Na ndege yangu iko wapi?"

"Nimeweka ndani, bwana," shangazi akajibu. "Mvua ilitaka kunyesha."

Bwana alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alioga, akala, akalala. Asubuhi Wahome alifunua chungu huku amefumba macho nusu. Rangi nyeupe ilikuwa imevimba na kujikunja, na alipoigusa ilibanduka kama utando wa maziwa. Alifurahi hadi akaanza kusugua kwa nguvu, akasugua, na chini ya nyeupe ikatoka kijani, ikatoka kahawia, zikatoka zile duara nyekundu na buluu za mbawani ambazo Bwana alikuwa amezihangaikia jioni nyingi. Vindege vikabaki uchi kabisa.

"Sasa umemaliza," alisema shangazi.

Aliona hakuna njia ila kwenda mbele. Aliviweka vile viwili kwenye sinia ya chai, akavibeba hadi mezani, Wahome akimfuata nyuma kama mtu anayepelekwa kaburini.

Bwana Miwani aliangalia sinia. "Zilikuwa tatu."

"Moja ilianguka, bwana," Wahome akasema kwa sauti ndogo.

Bwana alikiinua kimoja akakipeleka dirishani, akavua miwani, akavaa tena. Kila mstari wa mbawa ulionekana, kila kitundu, safi kama kilivyotoka kwenye kisanduku. Alikigeuza geuza mpaka chai ikapoa. Kisha alikwenda chumbani, na wakasikia kitu kizito kikiburutwa sakafuni. Alirudi na lile kasha la aibu zake zote.

"Hii pia," alisema. "Fanya hivyo hivyo."

Mtu mwingine angeshukuru Mungu akanyamaza. Shangazi yangu hakuumbwa hivyo.

"Dawa imeisha, bwana," alisema. "Inataka maganda ya maharagwe, na ile mzuri iko Gakindu tu. Kwa mama yake huyu."

Maganda ya maharagwe yalijaa Nyeri nzima, hata nyuma ya jiko lake. Lakini Bwana Miwani alijua nini kuhusu maganda? Aliandika pasi pale pale, mgeni mkubwa hata hajafika.

Wahome alirudi amebeba gunia, akakaa kwenye ngazi ya jikoni.

"Mama ni mzima?" shangazi akauliza.

"Ni mzima. Amekonda." Alitua gunia. "Aliuliza hii maganda ni ya nani. Nikamwambia ni ya Mzungu ametuma. Akaniuliza, ati hata wao wamefika hapo pa kula maganda?"

Shangazi alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Alikuwa bado anacheka alipomwaga gunia ili achome, na chini kabisa kikaanguka kifurushi cha jani kavu la mgomba. Ndani mlikuwa na maharagwe, yamejaa kiganja kimoja. Kule kijijini watu walikuwa wanalala na njaa.

Kicheko kilikatika. Aliyapika maharagwe yale peke yake, akayapeleka mezani kwenye sahani nzuri, akasema yametoka kwa mama yake Wahome, amesikia Bwana ana shida. Bwana Miwani aliyala yote, taratibu.

Vindege vya kasha vilioshwa vyote hadi cha mwisho. Hata hivyo shangazi alirudi mezani akasema maganda yamekwisha, na Bwana Miwani akaandika pasi nyingine bila kuinua kichwa. Safari hiyo gunia la Wahome halikwenda tupu. Lilikuwa na unga chini, na sukari, vya stoo ya Bwana, na juu yake maganda ya Nyeri ya kufunika.