Mgawa Maji Aliyefunga Dawa

Baba mkwe wangu, mzee Fulgensi, amegawa maji ya mfereji wetu hapa Kisawasawa miaka kumi na tisa. Mfereji unapogawanyika, mkono mmoja kwenda mashamba ya juu na mwingine ya chini, yeye ndiye anayeinua na kushusha kibao cha kuzuia maji. Hakuna upande uliowahi kumlalamikia, na kwenye mambo ya maji hilo si dogo.

Mwezi wa pili alibanwa na kifua akizoa tope. Ifakara wakampima, wakampeleka hospitali kubwa Dar es Salaam. Huko daktari akakuta mshipa wa moyo umeziba palepale unapogawanyika. Akamchorea kwenye karatasi. Mshipa mkubwa wangeuwekea stenti, kibomba cha wavu wa waya kinachoushikilia usizibe tena. Wakaiweka, ikafunguka vizuri, ila ikabana mdomo wa tawi dogo. Basi wakapenya kwenye tundu la wavu huo, wakavimbisha viputo viwili, vibaluni vya kutanulia mshipa, kwa pamoja, kimoja huku na kingine kule, damu ikapita pande zote. Stenti ya pili ilikuwa mezani, haikuhitajika.

"Nilimwelewa kabla hajamaliza," baba huwa anasema. "Angenipa kalamu ningemsaidia kuchora."

Alirudi na dawa mbili za kuzuia damu isigande ndani ya stenti. Anywe kila siku mwaka mzima, asikatishe.

Mpunga ukaiva. Siku ya kwanza ya kuvuna, kisu kilimkata kidole, damu ikachuruzika mpaka kanga aliyomfungia mama mkwe, Balbina, ikalowa. Shilinde, jirani tunayevuna naye kwa zamu, akasema, "Mzee, hao madaktari wamekuzibua wakasahau kukufungia koki."

Baba akacheka pamoja nasi. Baada ya hapo akawa anakiangalia tu kile kidole.

Mimi ni mkwe, chumbani kwake siingii, lakini mashati yake nafua mimi. Jumamosi nilitoa vidonge vyake vya moyo mfukoni, nikaona vimebaki sita. Jumatatu nikafua tena, vikawa sita vilevile. Nikaliacha shati ndani ya povu.

Nilimfuata shambani, mwanangu Nelly mgongoni. Nikapiga goti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona mbio hivyo, mama Nelly?"

"Nimekuja kwa vidonge, baba. Juzi vilikuwa sita, na leo sita."

Akamaliza kwanza kufunga mganda wake. "Mpunga ukikomaa, maji si tunafunga shamba likauke? Na mimi nimefunga dawa kidogo, damu isichuruzike. Tukimaliza kuvuna nafungua."

Kwa mtu wa mfereji ilikuwa akili kabisa. Mimi niliishia darasa la saba tu. Lakini nikaukumbuka ule mchoro wa daktari, ambao baba alirudi nao, pale waya zinapokatiza mdomo wa tawi.

"Baba, ule wavu wa chuma mlioweka kwenye mfereji mwaka juzi, mwanzoni ulikuwaje?"

"Ah, ule. Ulinasa majani kila siku. Nisingeusafisha asubuhi, jioni huku chini hawana maji."

"Na wa moyoni kwako una miezi mitatu tu, na vidonge ndivyo vinavyozuia damu isigande humo."

Aliweka kisu chini, akaangalia kule mfereji unakogawanyika. Kisha akasema taratibu, "Mpigie yule nesi wa hospitali kubwa aliyenipa namba."

Nesi alituambia anywe sasa hivi, kisha apelekwe Ifakara apimwe. Jeraha likitoka damu libanwe kwa kitambaa kwa muda mrefu, dawa zisiguswe mpaka daktari aseme. Baba alimeza mbele yangu, akafungua na mdomo nione, kama mtoto.

Ifakara walimpima mapigo ya moyo wakasema yako sawa, ila walimgombeza kidogo. Alivumilia.

Siku hizi kisu cha kuvunia anacho mama. Baba anapita kwenye tuta, mikono nyuma, anatuonyesha masuke tuliyoacha.

"Shilinde, umeacha mawili hapo."

"Mzee, rudi kwenye kisu chako utuache," Shilinde anamjibu.

"Sirudi," anasema baba. "Kuna watu nyumbani wanahesabu vidonge vyangu."

Mama anacheka mpaka anakaa chini.