Kufuli la Kihenge cha Pili

Nilifika Tunduma nikitokea Morogoro, na sikumjua mtu hata mmoja. Meneja wa kiwanda cha unga kilichoniajiri alinizungusha kwenye mashine zote akiwaambia watu kwamba mimi ndiye afisa usalama mpya. Kila tulipopita, watu walipandisha barakoa za vumbi puani. Tukishawapa mgongo nilisikia wakiongea Kinamwanga, kisha wakicheka, na sikujua wanacheka nini.

Kazi yangu ilikuwa kuzunguka na kukagua. Mtu akiniona aliacha alichokuwa akikifanya, hata kama hakikuwa na kosa. Kantini, nikikaa kwenye meza yenye watu, walimaliza kula haraka wakaondoka mmoja mmoja, kwa adabu kabisa. Jumapili ndiyo iliyonishinda. Nilifua, nikapika, nikampigia mama simu, na ikifika saa nane mchana sina tena la kufanya.

Aliyenipokea alikuwa msimamizi wa wanawake wanaofungasha unga, Mnyiha wa Isansa aliyenizidi miaka michache. Siku moja aliweka sahani yake mbele ya yangu, akapasua parachichi, akanisogezea nusu. Alisema nakula kama mgonjwa wa wodini. Tangu hapo tulikula pamoja karibu mwaka mzima. Alinifundisha kusalimia kwa Kinyiha, na mara mbili alinipeleka kwao tukachume kahawa. Mama yake aliniita mwanangu.

Mdogo wake wa kiume, baba wa watoto wawili, alifanya kazi palepale kiwandani, kwenye vihenge, yale maghala marefu ya chuma ya kuhifadhia mahindi. Mahindi yakipata unyevu hugandamana yasiteremke, na mtu huingia kwa juu na mti mrefu kuyabomoa. Kwa kazi hiyo niliweka masharti mawili. Anayeingia afungwe kamba inayoshikwa na mwenzake, na swichi ya mashine inayovuta mahindi kwa chini ipigwe kufuli, ufunguo akae nao yeye mwenyewe. Mashine ikiwaka mtu akiwa ndani, mahindi humvuta akazama kabla hajamaliza kuita.

Asubuhi moja ya masika nilikuta kufuli la kihenge cha pili likining'inia wazi. Nilipanda ngazi nikachungulia. Yule mdogo wake alikuwa amesimama juu ya mahindi, peke yake, bila kamba. Nikamwambia atoke.

"Namalizia, madam," alisema. "Dakika tano tu."

Nikarudia. Akatoka akitabasamu kwa aibu, tukaanza kushuka, mimi mbele. Hatujafika nusu ya ngazi, mashine ikawaka. Mwendesha mashine hakuwa ameambiwa kwamba kuna mtu ndani. Ngazi nzima ilitetemeka. Nilipoinua macho niliona amekumbatia chuma kwa mikono miwili, na hakushuka mpaka mashine ilipozimwa.

Mchana dada yake alikuja ofisini kwangu, akafunga mlango.

"Dada, andika kwamba umemwonya," alisema. "Hakuna aliyeumia."

Kwenye kiwanda nilikotoka niliwahi kuandika hivyo hivyo. Nilimwonya mtu mara mbili, na mara ya tatu mkanda wa mashine ukamchukua mkono. Nilipokwenda kumwona wodini, yeye ndiye aliyeniomba mimi msamaha. Nilimsimulia rafiki yangu habari hiyo. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema huyu si yule, huyu ni mdogo wake.

Niliandika nilichokiona. Niliandika pia kwamba msimamizi wa zamu alikuwa akiwaharakisha kwa sababu malori yalikuwa yanasubiri, na nikapendekeza kijana wa watu asimamishwe kwa muda, afundishwe upya. Meneja alisema anataka wengine wapate funzo. Wiki hiyohiyo akamfukuza. Msimamizi wa zamu hakuulizwa kitu.

Rafiki yangu alihamia meza ya dirishani. Hakunitukana wala hakunisema kwa watu. Tukikutana alinisalimia kwa Kiswahili. Nami nikaanza kubeba chakula kutoka nyumbani, nikawa nalia ofisini, mlango umefungwa.

Kahawa ilikuwa imeanza kuiva niliposikia mama yao amefariki. Nilikwenda Isansa bila kualikwa. Nilikaa na wanawake waliokuwa wakichambua maharage, nikachambua nao. Hakuna aliyenifukuza, na wachache walionikumbuka walinisogezea ungo. Jioni ilipokaribia, rafiki yangu alinisindikiza hadi barabarani.

"Najua angekufa," alisema. "Mwenyewe aliniambia jinsi ngazi ilivyotetemeka. Lakini mama aliniuliza mara nyingi kwa nini umemfukuzisha mtoto wake, na kila mara nilishindwa kumjibu. Sina kinyongo, dada. Ila kukaa tena na wewe kama zamani, siwezi."

Nilimwambia nimeelewa. Kweli nilielewa, na hilo halikunisaidia.

Mdogo wake ndiye aliyenipeleka kituoni kwa pikipiki. Siku hizi anabeba abiria Mkwajuni, wengi wao wachimbaji wa dhahabu. Alikuwa kichwa wazi, na kofia ya abiria hakuwa nayo. Nilifungua mdomo, nikaufunga, nikapanda. Tulipita mashamba ya kahawa, yeye akikwepa mashimo, mimi nimeshika chuma cha nyuma ya kiti. Kituoni nilimuuliza habari za watoto. Alisema wazima, mkubwa ameanza shule.

"Uendeshe taratibu," nilimwambia.

"Sawa, madam," alijibu, akageuza pikipiki kurudi msibani. Nilisimama na watu wengine kando ya barabara, nikasubiri gari la Tunduma.