Vumbi la Jicho

Tumu hakai kwenye kiti, anajimwaga. Akirudi kazini anavua kiatu kimoja, anasahau cha pili, na sofa inampokea kama gunia la viazi lililoshushwa sokoni. Ukimuuliza habari za kazi anakujibu "tupo", kwa sauti ya mtoto anayeitikia jina darasani huku anasinzia.

Na ana haki. Kwenye duka la mapazia pale Fordsburg, Joburg, yeye ndiye wa kupanda ngazi. Wateja wako chini na kidole: kushoto kidogo, hapana, kulia, mh, rudisha pale pale. Ametoka Tanga mwaka wa tisa huu, na minane kati ya hiyo kaimalizia juu ya ngazi na pini mdomoni. Mwenyewe ana miaka thelathini na nne. Magoti yake yana sabini.

Sasa huyu mchovu ndiye Bibi Sanda.

Kama huna bando, ngoja nikusogeze. Bibi Sanda ni sauti tu, hana sura. Kila Jumatano anarusha dakika kumi za kuchambua filamu, na watu elfu nne wanamsikiliza, Dar, Mombasa, Joburg, mpaka Muscat. Yeye anaangalia kitu kimoja: wa kwetu wamewekwaje humo ndani. "Wa kwetu" anamaanisha wanaume wanaopenda wanaume na wanawake wanaopenda wanawake. Wachambuzi wengine wanatoa nyota, yeye anatoa sanda. Sanda moja, filamu inapumua. Sanda tano, ikazikwe.

Anaanza vilevile kila wiki.

"Hamjambo. Nimechoka. Leo ni ile ya walimu wawili wa kuogelea. Picha safi, maji ya bluu, kila mtu ana mabega. Nikaweka saa. Dakika ya themanini na moja mmoja kazama. Mwalimu wa kuogelea, jamani! Kafundisha watoto wa mji mzima, lakini kwa vile ni wa kwetu, maji yakamsahau. Sanda nne."

Kwenye komenti watu wanagaragara. "Bibi, maji yalikuwa na kinyongo." "Mimi ni wa kwetu na ni fundi umeme, niache kazi?" Kuna na wanaomwombea moto. Hao anawawekea kidole gumba, maana kubishana kunataka nguvu, na nguvu zimebaki kwenye ngazi.

"Mimi sitaki mashujaa," alisema siku moja. "Nataka filamu moja tu, wa kwetu wawili wanagombana nani aoshe sufuria. Wanaiosha. Filamu inaisha. Wote wazima. Ni kikubwa hicho?"

Anayejua kwamba Bibi Sanda ni Tumu ni mtu mmoja, Léocadie, Mrundi, anayehudumia wazee kwenye nyumba za watu. Wamekaa pamoja miaka sita, vyumba viwili, Mayfair. Kwa majirani, kwa dukani na kwa mama yake Tumu kule Tanga, Léocadie ni "dada ninayekaa naye". Hakuna aliyewahi kuuliza. Wanawake wawili, kitanda kimoja, kodi ya Joburg unaijua mwenyewe, nani ashangae? Ukishuka tu Newtown utawaona wa kwetu wameshikana mikono kwenye robot wakingoja taa ya kijani, sheria ya nchi inawaruhusu mpaka kuoana. Ila hao wakifika nyumbani hawana wa kumpigia simu Tanga.

Tuje kwa Fahad. Fahad ni kijana wa Temeke mwenye kimeza cha kutengeneza simu pale Newtown, lakini jina kalipata kwa kutafsiri filamu. Unajua zile: filamu inaenda, yeye anaongea juu yake kwa Kiswahili, ndiye polisi, ndiye mwizi, ndiye bibi arusi. Anauza kwenye flashi. Wenye spaza, vile viduka vya mtaani kule Soweto, wanazipenda kufa, kwa sababu hawatazami. Jicho liko kwa mteja, sikio liko kwa Fahad.

Mwaka jana Fahad alitafsiri filamu ya wanawake wawili kwenye nchi ya theluji. Katikati wale wanawake wakabusiana. Sasa Fahad afanyeje? Wateja wake nusu wanatoka msikiti mmoja naye. Akasema, bila hata kupumua: "Hapa dada mkubwa anampuliza mdogo wake jichoni, limeingia vumbi."

Bibi Sanda alimpa dakika kumi zote.

"Vumbi. Kwenye theluji. Limekata tiketi Dodoma, limevuka bahari, likasema ngoja nikae kwenye jicho la huyu dada. Na linapulizwa mdomoni! Sanda tano, na mtafsiri azikwe nayo."

Basi ikawa msemo wa wiki. Mtu akipata mpenzi anaandika "nina vumbi jichoni". Kuna mteja alienda pale Newtown, uso mkavu kabisa, kumuuliza Fahad kama anauza dawa ya macho.

Mwezi uliopita simu ya Tumu ikaita. Fahad. Walijuana kwa sababu Tumu ndiye aliyemtundikia mapazia mazito ya chumba cha kurekodia.

"Dada Tumu, nina shida ya sauti ya kike. Nimepata filamu ya wanawake wawili wenye duka la mikate. Nikiongea mimi, wote wanaota ndevu."

"Mimi siyo msanii, Fahad."

"Wewe ongea tu hivyo hivyo unavyoongea. Jumapili mchana, sharp?"

Tumu akakubali kabla hajafikiri. Jioni, kiatu kimoja mguuni, akamwambia Léocadie, ambaye alikuwa anachambua maharage.

"Hao wanawake ni nani na nani?" Léocadie akauliza.

"Wapenzi."

"Na Fahad atasema ni nani na nani?"

Tumu akatazama dari. "Atasema ni ndugu."

Léocadie akasukuma sinia la maharage pembeni. Huyu si mtu wa kelele. Anaongea na wazee wenye kusahau kutwa nzima, kajifunza kusema jambo mara moja, taratibu.

"Tumu, miaka sita mimi ni dada. Kwa jirani, sawa. Kwa dukani kwako, sawa. Kwa mama yako nameza, kila Ijumaa nameza. Sasa unaenda kwenye mashine, na mdomo wako, hakuna mtu amekulazimisha, unamwita mwanamke wa mwingine dada? Wewe, Bibi Sanda?"

"Ni filamu tu, Léo."

"Kila Jumatano unasema siyo filamu tu." Akafuta mikono. "Rafiki yangu Jeannine amenipatia kazi Durban. Nilikuwa sitaki kwenda. Sikuombi unitangaze msikitini. Naomba tu usiniite dada. Ukishindwa hata hiyo, mimi nimechoka, nitaenda."

Asubuhi begi la bluu lilikuwa mlangoni. Tupu bado, zipu wazi.

Jumapili Tumu akaenda Newtown. Chumba cha Fahad kina upana wa kabati: maikrofoni, skrini, mapazia ya Tumu pande zote na joto la kuivisha ndizi. Fahad haandiki. Anatazama, anasema, imepita hiyo.

"Huyu ndiye dada mkubwa, anaitwa Marta," akaelekeza. "Yule mdogo wake. Wewe wasemee wote wawili. Mama yao alikufa."

"Alikufa wapi? Sijamwona."

"Kabla filamu haijaanza."

"Mama wa watu, hata hajapewa dakika moja."

"Eish, Tumu, twende kazi."

Wakaenda. Na nikwambie ukweli usiompendeza Tumu: dakika ya ishirini alisema "dada". Alimwona yule mwanamke anakanda unga, mwenzake anamfunga aproni kwa nyuma, na neno likatoka lenyewe, limeizoea njia. "Niachie, dada, nitachelewa." Hakuna aliyelisukuma. Akasikia uchovu unamshuka kutoka shingoni mpaka magotini, ule wa kuona pazia umelitundika siku nzima, unashuka ngazi, limekaa upande.

Dakika ya hamsini na nane Marta amevaa koti, anaondoka. Mwenzake kasimama mlangoni, unga mikononi. Akamsogelea. Fahad akainamia maikrofoni, Tumu akaona kabisa midomo yake inajiandaa.

Tumu akawahi. "Mpenzi wangu, usiondoke."

Fahad akabonyeza kitufe. Picha ikaganda, wanawake wawili, pua kwa pua.

"Umekosea, dada Tumu."

"Sijakosea."

"Turudie."

"Turudie, nitasema hivyo hivyo."

Fahad akaegemea kiti. Halafu, sijui kama ni hasira au nini, akacheka puani.

"Karibu, Bibi Sanda."

"Bibi nani?"

"Achana na mimi! Sauti yako inaburuta ndala, Joburg nzima hakuna mwingine anayesema 'nimechoka' namna ile. Nilijua siku ile ile ya vumbi. Nilitaka nije kwako na fimbo."

"Sasa mbona umeniita?"

"Nikajisemea, nimwite huyu anayejua. Akae hapa, aone. Kule unaongea na simu, hujulikani. Mimi sura yangu iko pale mezani kila siku, wateja wangu wanamjua mpaka baba yangu. Uone mwenyewe kama neno linatoka."

Tumu akageukia skrini. Akaitazama ile picha iliyoganda. "Mara ya kwanza halikutoka," akasema polepole. "Nilisema dada. Futa na ile."

"Sasa nimwiteje?"

"Jina analo, Fahad. Marta. Mwite jina lake."

Fahad akajikuna kidevu. "Jina naweza. Mpenzi siwezi, Tumu. Nina watoto, wallahi siwezi. Nitalikata."

"Na utaweka vumbi?"

"Vumbi?" Akashika kichwa. "Mimi na vumbi tumeachana! Watu wameniletea mpaka miwani." Akawaza. "Labda ninyamaze."

"Nyamaza."

"Hujui unachosema. Watu wa spaza wananisikiliza tu. Nikinyamaza watanyanyua kichwa. Wataangalia."

"Ndiyo hivyo," akasema Tumu.

Fahad akabonyeza kitufe. Dakika nzima, na huyu ni mtu anayesimulia hata matangazo, Fahad hakusema kitu. Picha ikapita na sauti zake yenyewe: mlango, pumzi, gari linangoja nje.

Dakika ya themanini na nane Marta akakohoa. Tumu akageuza shingo taratibu.

"Usiseme," akasema Fahad.

"Sisemi. Sanda ninazo mkobani."

Marta alipokufa, Tumu akamsemea vizuri tu, kwa sauti ile ile ya ndala.

Nyumbani akampa Léocadie spika ya sikio, filamu iko kwenye simu. Léocadie akasikiliza amesimama, na nguo za kazi. Ilipofika pale akaangalia simu kama imezima.

"Amesahau kuongea?"

"Hajasahau."

Léocadie akarudisha nyuma, akasikiliza tena ule ukimya. Na jina la Marta. Akavua spika, akamrudishia mkononi.

"Fahad amejaribu," akasema. "Ijumaa mama anapiga simu."

Begi likabaki pale pale. Ila sasa lilikuwa na masweta mawili ndani.

Alhamisi Fahad akampigia Tumu, anapumua kama kakimbizwa. Nassir, Mtanga mwenye spaza Soweto, kalalamika flashi mbovu. "Kaniambia, 'Fahad, hapa katikati umekata sauti, ikabidi ninyanyue kichwa.' Nikamuuliza umeona nini. Halafu ananiambia, 'Mteja alikuwa dirishani anataka mkate, tukaangalia wote.'"

"Akasemaje?"

"Kauliza nyingine lini."

Ijumaa Tumu alishuka kwenye ngazi kwa mara ya mwisho siku hiyo saa kumi, magoti yakalia kama bawaba. Alipoingia ndani akajikwaa kwenye begi, karibu aanguke. Lilikuwa limefungwa zipu. Léocadie yuko kwenye sinki, anasugua sufuria iliyoungua, wala hakugeuka.

"Hiyo sufuria ni zamu yangu," Tumu akasema.

"Zamu yako ilikuwa jana."

Tumu akajimwaga kwenye sofa, simu ikaita. Mama. Salamu zikaenda: shikamoo, marahaba, mguu, mvua, harusi ya mtoto wa Fauzia iliyokosa wali. Tumu anaitikia, macho yakiwa kwenye mgongo wa Léocadie. Mgongo ule ulikuwa umeacha kusugua.

"Na huyo dada yako hajambo?" mama akauliza, kama kila Ijumaa.

Kila Ijumaa jibu ni "dada hajambo, anakusalimu". Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, limevaa viatu.

"Léocadie hajambo, mama."

"Nani?"

"Léocadie. Anaitwa Léocadie. Naishi naye."

Kimya. Kule Tanga kuku akalia, mlango ukabamizwa, mtu akaulizia kibiriti. Tumu akakumbuka kile chumba cha Fahad na kilivyokuwa kirefu kile kimya, na kwamba pale angalau kulikuwa na picha ya kutazama.

"Miaka sita," mama akasema mwishoni, "hujawahi kunitajia jina lake."

"Ndiyo mama."

"Unaishi na mtu miaka sita, jina lake hulitaji." Akavuta pumzi. Haikuwa pumzi ya hasira, lakini wala haikuwa ya kheri tupu. "Haya. Mpe simu."

"Mikono yangu ina sabuni!" Léocadie akanong'ona, macho yamemtoka.

Tumu akainuka kwenye sofa, jambo ambalo siku ya Ijumaa saa hizo halijawahi kuonekana. Akaruka begi, akamshikia simu sikioni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hebu nitajie jina lako mwenyewe, huyu analitafuna."

Léocadie akalitaja, kipande kwa kipande, povu linamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Mama akarudia, akakosea. Léocadie akalitaja tena.