Jua la Jengo la Vioo

Tangu jengo la vioo lisimame ng'ambo ya barabara, mjane wa nyumba ya pembeni hatulii. Jua likipanda, vioo vile vilivyopinda hulikusanya na kulitema uani kwake, juu ya gari la marehemu mumewe. Basi huiacha chai ipoe, akatoka na shuka, akafunika boneti. Mwanga ukisogea, naye husogeza shuka, huku akilipapasa gari kama anayepima homa ya mtoto. "Wifi, hata kaka hukumfunika hivyo alipokuwa hai," dada wa marehemu humtania kutoka jikoni. "Liuze upumzike." Naye hujibu bila kugeuka, "Wewe menya vitunguu vyako."

Juzi usingizi ulimpitia. Alipozinduliwa na harufu ya plastiki inayoungua, fremu ya kioo cha pembeni ilikuwa imeyeyuka, inaning'inia, na dashibodi imevimba malengelenge. Alilizunguka gari, akalizunguka tena, mikono kichwani, kisha akaingia ndani na kutoka na ufunguo. Akaketi penye usukani wa gari lisilowaka tena tangu msiba. Mguu wake haukuifikia breki, maana kiti kilikuwa bado kimerudishwa nyuma kabisa, kama mumewe mwenye miguu mirefu alivyokiacha, na hakuwa amemruhusu mtu yeyote kukigusa. Akapeleka mkono chini ya kiti, akashika chuma cha kukisogezea. Kisha akakivuta mbele.

"Wifi!" akaita. "Viache hivyo vitunguu, njoo unisukume hadi kivulini."