Kifaransa cha Kisigino

Enzi zetu Kifaransa kiliingilia miguuni, ndiyo maana hakijatutoka mpaka leo.

Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa karibu na Igalula. Sista mmoja Mfaransa alikuja kila Jumamosi kutufunza sisi wasichana maneno ya kumpokea mama mkuu wao. Atakayesema vizuri kuliko wenzake angepelekwa shule ya bweni. Nafasi moja tu. Miaka ile hata neema ilikuwa ya mgawo.

Maneno tuliyakatakata kama mihogo. Bian-ve-nyu: makofi mawili, halafu kisigino chini, pu! "Bian" ni vizuri, "venyu" ni kuja, ndivyo alivyosema Sista. Sisi ulimi wetu hukanyaga kabla ya mwisho wa neno. Wao hungoja mpaka mwisho kabisa ndipo wakumbuke kukanyaga. Wastaarabu hao, utawaweza? Nikawa natwanga mtama kwa mpigo huohuo, mpaka mama akauliza, "We mtoto, unatwanga au unacheza ngoma?"

Nilikuwa nawazidi wote. Hata rafiki yangu Modesta alijua nafasi ni yangu.

Siku ya mgeni Modesta akatangulia. Akafika kwenye neno refu la kumpongeza: fe-li-si-ta-syon. Akasema fe-li, akakwama. Machozi yakamlenga. Mimi nipo nyuma yake, na mguu wangu haukuniomba ruhusa: ukagonga, ukagonga, ukakanyaga. Modesta akadaka mpigo, akamaliza. Mama mkuu akamshika mkono, akasema anamtaka huyu huyu. Zamu yangu haikufika.

Nyumbani hakuna aliyenibembeleza. "Umempa mwenzio shule kwa kisigino," mama akasema. "Haya, kinu kile pale."

Modesta akapanda treni. Barua yake ya kwanza nilisomewa na balozi wa nyumba kumi, kwa sauti, kijiji kizima kikajua kwamba ananikumbuka. Herufi nilikuja kuzijua kwenye kisomo cha watu wazima, mtoto mgongoni.

Sasa mjukuu wangu anajifunza Kifaransa kwa simu, kalala chali. Akipata neno moja, simu inampigia vigelegele. "Bibi, huku hakuna kushindana, kila mtu anafaulu kivyake." Hongera zake. Nafasi ile naitaka mpaka leo, sitadanganya. Lakini juzi, mimi nikiwa uani, nilimwona dirishani: alikwama kwenye neno, akatazama huku na huku chumbani, hakuona mtu. Akaizima simu, akalala.