Hapumui, Anapumuliwa

Miaka minne ya mwanzo wa kazi yake, Sista Kauli aliwaambia watu "ametutoka," kama alivyofundishwa chuoni. Lilikuwa neno la adabu, lilipita mdomoni bila kukwaruza. Aliliacha siku mzee mmoja alipokuja kumwona mkewe, akakuta kitanda kitupu na shuka mpya.

"Ametoka? Saa ngapi?"

"Alfajiri, baba. Ametutoka."

"Na viatu vyake ninavyo mimi hapa!" Mzee akainua mfuko. "Mnamwachiaje mgonjwa atoke peku?"

Akashuka ngazi kwa kasi yote ambayo magoti yake yalimruhusu, kwenda kumtafuta mkewe kituo cha basi. Sista alipomfikia, mzee alikuwa amekwisha kuwauliza makondakta wawili kama wamembeba mama mnene asiye na viatu. Ikabidi alitamke pale pale, katikati ya honi, lile neno alilolikwepa juu ghorofani. Tangu siku hiyo, katika wodi yake hakuna mtu aliyetoka, aliyekwenda, wala aliyepumzika. Watu walikufa.

Wenzake ndio waliompa jina la Kauli. Baba yake alikuwa mwalimu wa sarufi, akamrithisha ugonjwa. Nyumbani, mumewe, dereva wa lori la saruji, alikuwa amekwisha kuuzoea.

"Sukari imekwisha," angesema mume.

"Imekwisha yenyewe, au imemalizwa?"

"Imemalizwa."

"Na nani?"

"Mke wangu, mimi nimeomba chai, sikuomba kesi."

Sista alikuwa na miaka hamsini na mmoja, mfupi, mwenye miguu iliyovimba kila alasiri na kicheko kikubwa kuliko kifua chake. Kwa miaka ishirini na sita alifanya kazi ghorofa ya tatu, kwenye wodi ya vitanda vinane ambayo watu wote waliiita chumba cha mashine. Humo hakuna anayepiga kelele ila vyuma. Mashine za kupumulia zinavuta na kutoa, zinavuta na kutoa, kama mafundi wanane wanaopiga pasi bila kuchoka, na ukikaa sana unajikuta pumzi yako mwenyewe imeanza kufuata mwendo wao.

Jumatatu moja, kitanda cha tano kililetewa kinyozi. Mshipa wa damu ulikuwa umepasuka ndani ya kichwa chake akiwa katikati ya kumnyoa mteja. Mteja huyo ndiye aliyemleta, na kichwa chake mwenyewe kilikuwa kimenyolewa upande wa kulia tu. Mapokezi, karani aliuliza jina la mgonjwa.

"Marehemu," alijibu mteja.

"Kama ni marehemu, mmekosea mlango. Mochwari ni kule nyuma."

"Si marehemu! Ni Marehemu!"

Mabishano hayo yalikwisha kinyozi alipokuwa amekwisha kusukumwa hadi kwenye lifti.

Jina alijitafutia mwenyewe. Miaka sita kabla ya hapo alituma habari mtaani kwamba amefariki ghafla, kisha akajificha nyuma ya pazia la kibanda chake cha kunyolea, asikie nani atalia na nani atasema nini. Watu walijaa. Walilia vizuri tu. Alivumilia saa nzima, hadi jirani mmoja aliposema kwamba tukiacha utani, marehemu alikuwa hajui kunyoa kisogo. "Uongo huo!" pazia likapiga kelele. Wanawake wawili walizirai. Dada yake mkubwa, fundi cherehani, ambaye alikuwa amelia mpaka sauti imekauka, alimtandika ndala mbele ya watu wote, akaapa: "Siku utakayokufa kweli, chozi langu hulipati mpaka nihakikishe kwa mkono wangu." Baada ya hapo kinyozi aliandika juu ya mlango wake, kwa rangi nyekundu: KWA MAREHEMU – NYWELE NA NDEVU.

Na sasa dada mtu alikuwa amekaa kando ya kitanda cha tano, utepe wake wa kupimia ukining'inia shingoni, akimkodolea macho mdogo wake kama askari anayemlinda mwizi.

Jumatano asubuhi daktari wa ubongo alimwita kwenye chumba kidogo cha kuzungumza na jamaa. Daktari alikuwa kijana, hodari, na alikuwa bado anaogopa kile chumba. Alimchukua Sista Kauli aende naye.

"Mama," alianza, "kipimo cha kwanza kinaonyesha kwamba ubongo wa ndugu yako umekufa."

Dada mtu alimtazama. "Mwanangu, habari hiyo mwalimu wake wa darasa la tatu alituletea zamani."

Daktari alijaribu tena. "Namaanisha... kazi zote za ubongo zimekoma, hazirudi tena. Kesho daktari mwingine atampima upya. Akiona hivyo hivyo, basi kitaalamu hicho ni kifo."

"Kitaalamu. Na kienyeji?"

Daktari akamgeukia sista.

"Na kienyeji pia," alisema Sista Kauli. "Kesho ikiwa hivyo hivyo, tutaandika kwamba amekufa."

"Amekufa na roho inadunda? Nimeweka mkono hapa asubuhi hii. Inadunda kuliko yangu."

"Moyo una umeme wake, dada. Ni kama saa ya ukutani yenye betri. Umeme wa nyumba ukikatika, yenyewe inaendelea kwa muda. Kinachongoja amri ya ubongo ni pumzi."

"Basi pumzi anayo. Anapumua."

"Hapumui. Anapumuliwa."

Dada mtu aliligeuza neno hilo mara mbili mdomoni, kama anayeonja chumvi. "Anapumuliwa."

"Kupumua ni kutenda. Yeye anatendewa. Mashine ikinyamaza, naye ananyamaza."

"Wewe nesi au mwalimu?"

"Mwalimu alikuwa baba. Mimi niliambukizwa tu."

Dada mtu karibu acheke, kisha uso ukamvunjika upande mmoja. "Sikiliza, sista. Huyu nilishamlilia mara moja, mtaa mzima ukanicheka. Nikilia leo, halafu afumbue jicho moja? Na nisipolia, ikawa kweli, atakuwa amezikwa na dada aliyemkalia kama mpelelezi. Nifanye lipi?"

Sista alimwambia tu kwamba hakuna haja ya kuamua kabla ya kesho.

Mchana huo mambo yakaharibika. Sista alikuwa anamfuta kinyozi nyayo kwa kitambaa cha maji wakati dole gumba la mguu wa kushoto lilipojikunja, likajinyoosha, likajikunja tena.

"Nilijua!" Dada mtu aliruka kutoka kitini. "Marehemu! Amka, wewe, wamekushtukia!"

Yule mteja, ambaye kwa siku tatu alikuwa amekataa kumaliziwa kichwa chake na kinyozi mwingine, alibandika pua kwenye kioo cha mlango. "Ameamka?"

"Amecheza dole!"

Korido nzima ilishangilia. Jamaa za vitanda vingine walisimama kwenye mabenchi, mmoja akapiga kigelegele. Sista Kauli alisimama na kitambaa chake kikichuruzika sakafuni, na hakumbuki kazi iliyowahi kumchukiza kama ile ya kuizima furaha ile.

"Dada, kaa. Lile si yeye."

"Dole la nani sasa, langu?"

"Ni la uti wa mgongo. Ukishika chuma cha moto, mkono unaruka kabla hujajua. Ni njia fupi, haipiti kichwani. Njia hiyo kwake bado ipo, hata kama juu hakuna mtu."

Dada mtu alikaa. Nje, mteja aliuliza kupitia mwanya wa mlango kama angoje au asingoje. "Usingoje, kaka," alisema sista. Mtu yule alishika upande wake wenye nywele, akaondoka polepole kuelekea ngazi, na hakuonekana tena.

Sista akarudi kazini. Aliweka mkono mmoja chini ya bega la kinyozi, mwingine chini ya nyonga. "Samahani, kaka, nakugeuza upande."

"Umesema nini?"

Sista akaganda.

"Umemwomba samahani," alisema dada mtu. "Unaniambia juu hakuna mtu, halafu unapiga hodi."

Kila siku, kwa miaka ishirini na sita, Sista Kauli alikuwa amewakamata watu kwa maneno yao. Hii ilikuwa zamu yake. Alifikiri kusema ni mazoea tu, na ingekuwa kweli, lakini nusu.

"Sijui, dada," alisema mwishowe. "Nawaambia wote. Wanaosikia na wasiosikia. Naona mkono wangu unakuwa mkali nikinyamaza."

Dada mtu akainuka, akashika bega la pili. "Haya, tumgeuze. Mzito, huyu. Samahani, we mpumbavu."

Alhamisi asubuhi alikuja daktari wa pili, mama wa makamo mwenye sauti nzito, na dada mtu aliomba awepo. Daktari kijana alisita, sista akasema, "Mwache aone, Daktari. Macho yake ni ya fundi." Basi aliona yote. Walimmulika kinyozi tochi machoni, mboni zikabaki zilivyokuwa. Walimgusa jicho kwa pamba. Walipommwagia maji ya baridi sikioni, dada mtu alinong'ona, "Angekuwepo, hapo mngetukanwa tusi la kwenu na la jirani."

Kikabaki kipimo cha pumzi.

"Tutaitenga mashine," alieleza sista. "Hewa safi itaingia kwa mrija mwembamba, kwa hiyo hanyimwi kitu. Tunachongoja ni yeye aivute. Dakika kumi."

Dada mtu alivua utepe wake shingoni. "Naweza?"

Madaktari wakatazamana. Mama yule wa makamo akatikisa kichwa kukubali. Dada mtu akaupitisha utepe kifuani kwa mdogo wake, chini ya nyaya, kwa wepesi ule wa mtu aliyepima maelfu ya vifua, akaukutanisha kati ya vidole viwili. Mashine ilikuwa bado inafanya kazi. "Thelathini na sita," alisema. "Na nusu. Thelathini na sita. Na nusu."

Mashine ikatengwa. Chumba kikapoteza mmoja wa wapiga pasi wake.

"Thelathini na sita," alisema dada mtu.

Dakika ya pili. "Thelathini na sita."

Dakika ya tano. "Thelathini na sita." Kwenye kioo cha mashine ndogo, moyo ulikuwa bado unachora vilima vyake vya kijani, kimoja baada ya kingine, kama mtoto anayeendelea kuandika baada ya kengele.

"Dakika kumi," alisema daktari mkubwa.

"Thelathini na sita kamili," alisema dada mtu. "Haikuongezeka hata uzi."

Walichukua damu, wakaipima, majibu yakawa yale yale. Saa ikaandikwa kwenye fomu: nne na dakika kumi asubuhi. Mashine ikarudishwa kwa muda, kwa sababu shangazi yao alikuwa njiani. Madaktari walitoka, na dada mtu akabaki pale, macho makavu.

"Vidole vyangu vimeamini," alimwambia sista. "Huku ndani bado kuna mtu anangoja atoke nyuma ya pazia. Nipe dakika. Usitoke, lakini usinicheke."

Akainama sikioni kwa mdogo wake.

"Kulikuwa na mzee mwenye nywele tatu kichwani. Akaenda kwa kinyozi. Akakaa saa nzima. Akasema, we fundi, nywele tatu tu, mbona saa nzima? Kinyozi akamjibu..." Akasogea karibu zaidi na sikio. "Akamjibu, basi, njoo kesho."

Sista Kauli alikunja uso. "Si hivyo. Anajibu, kunyoa ni dakika moja, kuzitafuta ndiyo kazi."

"Najua. Ndicho kichekesho chake, alikisimulia kila Jumamosi. Ukikikosea mbele yake hawezi kuvumilia, hata mdomo uwe umejaa chakula. Atakukata: 'Dada, umekiua! Umekiua kichekesho cha watu!'" Akainama tena. "Njoo kesho, akamwambia. Wewe. Njoo kesho. Umesikia? Nimekiua."

Mashine ikavuta, ikatoa.

"Nimekiua, mdogo wangu."

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, bila kuangalia nani anamwona, kichwa chake juu ya kile kifua kilichompandisha na kumshusha. Sista alimshika mgongoni.

Shangazi alifika alasiri, akaaga. Mashine ilizimwa saa kumi kasorobo. Moyo haukuzimika pamoja nayo. Uliendelea, ukapunguza mwendo, ukaruka hatua, ukaendelea tena. Dada mtu alikuwa ameweka kiganja juu yake na alikuwa anautania kwa sauti ya chini: mbishi, siku zote mbishi, hata mlangoni hataki kutoka bila kupiga domo. Saa kumi kamili alikiondoa kiganja.

"Sasa," alisema.

Sista alitazama kioo. Vilima vilikuwa vimelala.

Walipokuwa wanamfunika, dada mtu aliona fomu. "Hapa mmeandika saa nne na dakika kumi."

"Ndiyo. Hapo ndipo alipothibitishwa amekufa."

"Saa nne nilikuwa nimemshika, ana joto. Nyumbani mama ataniuliza mwanawe amekufa saa ngapi. Mimi nitamwambia saa kumi. Mkono wangu ulikuwepo."

Sista Kauli alikuwa na kalamu mkononi. Alijua saa ya fomu, na alijua kwa nini ni hiyo na si nyingine. Angeweza kueleza vizuri kuliko daktari yeyote wa ghorofa ile.

"Mwambie saa kumi," alisema, akaanza kukunja shuka upande wa miguu.