Piano ya Kanisa na Karai la Susu

Nikifungua mkebe wa polishi nyekundu ya sakafu, narudi Machakos, Jumamosi ile mama aliporudi kazini Athi River bila kuniaga. Susu, nyanya yangu, alikuwa akisugua sakafu ya kanisa. Nikafungua piano, nikaitwanga kwa ngumi, kisha kwa viwiko. Nikangoja kofi.

"Hasira yako iko mingi," akasema. "Piga yote iishe."

Akapindua karai, akalipiga pamoja nami, viganja vyekundu kwa polishi. Watu walisema aliacha ngoma siku aliyobatizwa.

Nilipochoka, nikashusha mikono. Susu aliendelea peke yake, amefumba macho, nami nikaogopa kumuuliza amemkasirikia nani.